Damu iliyorudi siku ya 11 baada ya kutolewa mawe ya figo

Swali la msomaji

Daktari, shikamoo. Nakuandikia kutoka Kahama. Kaka yangu ana miaka 44, ni dereva wa lori. Alitolewa mawe kwenye figo ya kushoto huko Dar es Salaam kwa njia ya tundu la mgongoni. Siku ya nne aliruhusiwa, mkojo ukiwa umeshakuwa msafi. Siku ya 11, akiwa nyumbani, alikojoa damu tupu yenye mabonge, na jioni akashindwa kukojoa kabisa. Hospitali ya hapa wamemwekea mpira na kumwongezea chupa mbili za damu, ikakata. Baada ya siku mbili ikarudi kwa nguvu, ikakata tena. Leo wingi wa damu (hemoglobini) ni 7.4. Daktari mmoja anasema tusubiri kwa kuwa imekata, mwingine anasema figo itolewe. Amekuwa akimeza diclofenac kwa maumivu ya ubavu. Je, walimharibu kwenye upasuaji? Na sisi ndugu tufanye nini?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na la kufanya leo, maelezo yatafuata. Damu inayokuja kwa wingi wiki ya pili baada ya upasuaji huo, ikakata yenyewe na kurudi, sisi huihesabu kuwa ya ateri (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni) iliyotoboka ndani ya figo hadi picha ionyeshe vingine. Kwa hiyo kukata kwake kusiwatulize. Mwombeni daktari anayemtibu afanye mambo mawili kwa pamoja: aendelee kumtengemaza hapo hapo, na apige simu leo kwenye hospitali yenye wataalamu wa tiba radiolojia, yaani wale wanaoziba mshipa unaovuja kwa kupita ndani ya mishipa bila kupasua. Kwa Tanzania mahali pa kwanza kuulizia ni Muhimbili, ambako madaktari wa fani hiyo wamekuwa wakifundishwa tangu 2018. Suala la kutoa figo lisubiri hadi simu hiyo ijibiwe, isipokuwa kama mgonjwa anazidiwa mikononi mwenu. Na diclofenac iachwe leo, pamoja na ibuprofen na aspirini yoyote ambayo hakuandikiwa na daktari wa moyo. Dawa hizo huzipunguzia nguvu chembe zinazogandisha damu, na kwa mtu aliyepoteza damu nyingi zinaiumiza hata figo ile nzima. Kwa maumivu apewe paracetamol, na isipotosha daktari atamwongezea tramadol.

Sasa tuone kwa nini damu imerudi baada ya wiki nzima ya amani.

Figo zote mbili hupokea takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, zaidi ya lita moja kila dakika. Ili kuyafikia mawe, daktari huingiza sindano kutoka mgongoni hadi kwenye vyumba vya ndani vya figo, kisha huipanua njia hiyo taratibu mpaka ipitishe mrija wenye upana wa milimita 8 hadi 10. Vifaa vidogo vya siku hizi hupita kwenye njia ya milimita 5 au 6, na damu inayopotea kwa hivyo huwa kidogo zaidi. Upasuaji huu ulielezwa kwa mara ya kwanza Sweden mwaka 1976, na mpaka leo ndio tunaoutegemea kwa mawe makubwa, kwa sababu unamwepusha mgonjwa na kidonda kirefu cha ubavuni. Lakini njia yenyewe inapita katikati ya nyama iliyojaa mishipa. Tunachagua kuingilia upande wa nyuma, kwenye ukanda wenye ateri kubwa chache. Ukanda huo unabeba jina la Max Brödel, ambaye wala hakuwa daktari bali mchoraji wa picha za tiba pale Johns Hopkins, Marekani. Hata kwenye ukanda wa Brödel hata hivyo kuna matawi madogo, na hakuna mkono unaoweza kuyaona yote kwa macho.

Tawi dogo linapochubuliwa na sindano au kipanuzi, mara nyingi damu huganda papo hapo na kuliziba. Mgonjwa anaruhusiwa akiwa safi kabisa. Shida ni kwamba damu iliyoganda haidumu. Mkojo wenyewe una kimeng'enya kiitwacho yurokinasi, chenye kazi ya kuyeyusha mgando. Kizibo kinapolegea, damu ya ateri, inayokuja kwa msukumo wa kila pigo la moyo, inajichimbia kifuko kwenye nyama ya figo. Kifuko hicho hakina ukuta wa mshipa. Kinashikiliwa na nyama laini na mgando tu. Ndicho tunachokiita anurizimu bandia. Umewahi kuona tyubu ya baiskeli ikitokeza kwenye tairi lililochanika? Inavimba kidogo kidogo, baiskeli inaendelea kwenda, halafu siku moja inapasuka. Kifuko kikipasukia kwenye njia ya mkojo, mgonjwa anakojoa damu tupu. Presha inashuka, mabonge yanajaa kwenye figo na kukandamiza tundu, damu inakata. Presha ikipanda, labda kwa sababu mmemwongezea damu na maji, inatoka upya. Ndiyo maana kwa kaka yako imekuja, ikakata, ikaja.

Aina ya pili ni pale ateri na vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) zilizotobolewa pamoja zinapoungana na damu kuvuka moja kwa moja kutoka huku kwenda kule. Tunaiita fistula ya ateri na vena. Hii huwa na tabia ya kuvuja mfululizo zaidi kuliko kuja kwa vipindi, na safari nyingine inapandisha presha. Wapo wagonjwa wenye vyote viwili. Matibabu ni yale yale.

Damu ya vena ni jambo jingine kabisa. Hiyo hutoka mezani wakati wa upasuaji au usiku ule wa kwanza, na msukumo wake ni mdogo. Tunaubana mpira ulioachwa kwenye tundu la mgongoni, damu inajaa ndani ya figo, inajikandamiza yenyewe na kuganda. Isipotosha kuna mpira maalumu wenye puto refu la kukandamiza ile njia. Kaka yako ameshavuka hatua hiyo, nisiwachoshe nayo.

Tuje hapo wodini Kahama. Kila ninalolitaja linafanyika katika hospitali ya wilaya, na linaokoa maisha wakati rufaa inashughulikiwa.

La kwanza ni kusoma mapigo, kabla hata ya kusoma ile namba ya maabara. Mtu anayevuja leo asubuhi anaweza kupimwa akaonekana ana 10, kwa sababu damu iliyobaki mwilini bado ni nzito ile ile; namba inashuka baadaye, maji yakishaingia. Isitoshe, mwanaume wa miaka 44 mwenye moyo mzima anaweza kuishikilia presha yake kwa muda mrefu huku akiisha ndani kwa ndani. Kinachomsaliti ni mapigo ya moyo, viganja vya baridi, jasho, kiu na kutotulia. Kanuni nyepesi ya kitandani: mapigo kwa dakika yakizidi tarakimu ya juu ya presha, hiyo ni dharura. Mapigo 118 na presha 104 kwa 70 hakuhitaji kusubiri majibu ya maabara. Awe na njia mbili nene za dripu mkononi, siyo kile kisindano cha buluu kilichowekwa juzi kikiwa kimeanza kuvimba.

La pili ni damu. Chupa moja kwa mtu mzima hupandisha takriban gramu 1. Amepewa mbili na bado ana 7.4, kwa hiyo mnaweza kukadiria wenyewe kiasi kilichotoka. Kwa mgonjwa aliyetulia, asiye na ugonjwa wa moyo, madaktari wengi husubiri ifike 7 kabla ya kuongeza. Kaka yako hajatulia. Akivuja mara nyingine akiwa na 7.4 hana akiba yoyote, na tena kuna safari mbele yake. Mimi ningemwongezea sasa, na ningetaka angalau chupa mbili nyingine ziwe zimelinganishwa tayari na ziko kwenye jokofu kwa jina lake. Hapa ndugu mna kazi kubwa kuliko mnavyodhani: nendeni benki ya damu mkachangie leo, msingoje kuitwa usiku wa manane. Kundi lenu lisipofanana na lake bado linasaidia kurudishia akiba.

Kuna dawa ya kupunguza uvujaji iitwayo asidi ya traneksamiki, gramu 1 polepole kwenye mshipa. Ina nafasi yake, na tafiti kadhaa zimeonyesha inapunguza damu inayopotea katika upasuaji huu. Lakini tuielewe: inaulinda mgando usiyeyuke, haizibi tundu la ateri. Vilevile inaweza kuyafanya mabonge yawe magumu yakaziba mrija unaotoka figo kwenda kwenye kibofu, na haifai kwa mtu aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ikiwa juu, dozi ipunguzwe. Ama vitamini K, hii nimeona inachomwa kwa kila anayevuja damu, mara tatu kwa siku, kwa imani kubwa. Inamsaidia anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au mwenye ini bovu. Ateri iliyotoboka haina habari nayo.

La tatu ni kibofu, na hapa nakuomba uwe macho kwa sababu anayekaa kitandani saa zote ni wewe, si daktari. Kaka yako alishindwa kukojoa kwa kuwa mabonge yalijaa kibofuni. Mpira wa kawaida wa namba 16 ni mwembamba, mabonge yatauziba ndani ya saa moja. Anahitaji mpira wa njia tatu, namba 22 au 24: njia moja ya maji ya kusafishia kuingia, moja ya kutokea, moja ya kujaza puto. Kabla maji hayajaachiwa kutiririka, mabonge yatolewe kwanza kwa mkono. Muuguzi au daktari anachukua bomba kubwa la mililita 50, anasukuma maji ya chumvi ya kawaida, anavuta, anamwaga kwenye beseni, anarudia. Kazi hii haina heshima wala haraka. Mabonge ya kibofuni huja mazito na mapana. Yale yaliyotoka juu kwenye figo mara nyingine huja marefu na membamba, umbo la ule mrija yaliyopitia. Anaendelea mpaka kinachovutwa ni maji mekundu yasiyo na bonge. Nimewahi kulifanya zoezi hilo zaidi ya saa nzima kwa mgonjwa mmoja, na lilipokwisha alilala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili.

Baada ya hapo maji yanatiririshwa. Kazi yako ni kuangalia kwamba kinachoingia kinatoka. Ukiona dripu ya maji inashuka lakini mfuko wa chini haujai, au kaka analalamika tumbo la chini linakaza, funga dripu hiyo mara moja kwa lile gurudumu lake, kisha ita muuguzi. Usianze kwa kuita. Kibofu kilichozibwa huku maji yanaendelea kuingia kinaweza kupasuka. Kwa rangi, tumia chupa nyeupe inayoonyesha: weka mkojo, shika gazeti nyuma yake. Herufi zikisomeka, hali inaridhisha. Zisiposomeka, au ukiona mabonge mapya, mwambie daktari saa hiyo hiyo na uandike muda.

Vipimo vya leo viwe hivi: picha kamili ya damu pamoja na chembe sahani, muda wa damu kuganda, kreatinini, na mkojo wa kuotesha vijidudu. Huo wa mwisho usisahaulike. Maambukizi yanalainisha nyama ya figo na kuozesha kizibo cha mgando, kwa hiyo akiwa na homa au baridi kali aanzishiwe dawa za kuua bakteria bila kungoja majibu. Ultrasaundi itaonyesha kama kuna damu iliyojikusanya kuzunguka figo. Hii ni muhimu kwa sababu si damu yote inatokea kwenye mkojo. Yupo anayevujia ubavuni, mkojo wake ni wa kawaida, anachohisi ni maumivu na kizunguzungu tu. Lakini ultrasaundi safi haiondoi ateri iliyotoboka. Kifuko kidogo hakionekani kirahisi, hasa mashine ikiwa haina uwezo wa kuonyesha mwendo wa damu au mpimaji hakuambiwa anatafuta nini.

Kipimo kinachoonyesha vizuri ni CT scan yenye dawa ya kung'arisha ateri. Ikiwepo karibu na mgonjwa ametulia, ifanyike, maana inampa daktari wa tiba radiolojia ramani kabla hajaanza. Ikiwa haipo, msipoteze siku nzima kuitafuta mji mwingine. Picha ya mishipa itapigwa hata hivyo kule anakokwenda, kwa sababu ndiyo sehemu ya kwanza ya matibabu yenyewe. Watu huogopa kwamba dawa ya kung'arisha itaiumiza figo. Hofu hiyo ina msingi kwa mwenye kreatinini ya juu, ila kwa anayevuja damu hivi, kinachoiumiza figo zaidi ni kukosa damu.

Kuziba mshipa kwa ndani kunafanywaje? Mgonjwa analala macho, anachomwa ganzi kwenye kinena au kifundo cha mkono. Mrija mwembamba unaingizwa kwenye ateri ya hapo na kusukumwa, ukitazamwa kwenye skrini ya eksirei, mpaka kwenye ateri ya figo ya kushoto. Dawa inapulizwa, na mishipa yote ya figo inachoreka kwenye skrini, ikigawanyika matawi kwa matawi. Penye shida pataonekana: kifuko cha duara kinachojaa dawa na kubaki nayo wakati matawi mengine yameshasafika, au vena inayojaa mapema kabla ya zamu yake. Ndani ya mrija ule wa kwanza unapitishwa mwingine, chini ya milimita moja, hadi kwenye lile tawi lenyewe. Hapo zinaachwa koili, yaani nyuzi ndogo za platinamu zilizojikunja, au gundi maalumu, au vipande vya jelatini. Picha inarudiwa: kifuko hakijai tena. Kwa mikono iliyozoea ni kazi ya saa moja au mbili, na inafanikiwa kwa zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi. Si tiba ya majaribio. Fistula ya figo iliyotokana na sindano ya kuchukulia kinyama cha kupima ilizibwa kwa njia hii na kuandikwa tangu mwaka 1973.

Kwa nini wahangaike kufika mbali hivyo badala ya kuziba pale mwanzoni? Ateri za figo hazina njia za pembeni. Kila tawi linalisha kipande chake tu, na likizibwa kipande hicho kinakufa. Ukiziba shina, umeua figo. Ukiziba kijitawi cha mwisho, kinachopotea ni sehemu ndogo ambayo kipimo cha kreatinini kwa kawaida hakitaihisi. Ndiyo maana ninasisitiza mkono uliofundishwa na vifaa vyake. Mashine ya kathilabu, chumba cha kupigia picha za mishipa, inayotumika kwa wagonjwa wa moyo kimsingi inaweza kupiga picha hii hii, lakini mashine bila koili za ukubwa huo na bila mtu aliyezoea figo haitoshi. Mnapopiga simu ulizeni mambo matatu kwa majina: yupo daktari wa tiba radiolojia wiki hii? Koili ndogo zipo stoo au mnanunua wenyewe? Bima ya mgonjwa inazilipia? Nimeona ndugu wakifika na mgonjwa halafu wanaanza kutafuta koili mjini.

Baada ya kuzibwa atalala chali saa kadhaa, mguu uliochomwa ukiwa umenyooshwa. Siku mbili tatu anaweza kuwa na homa ndogo, kichefuchefu na maumivu ya ubavu, kwa sababu kile kipande cha figo kinakufa. Mkojo mwekundu uliofifia kwa siku moja au mbili ni damu ya zamani inayosafika. Ikija damu mpya, ateri nyingine huenda ilijificha kwa kujikaza wakati wa picha ya kwanza. Zoezi linarudiwa, kurudia hakumaanishi limeshindikana.

Sasa yule daktari aliyesema figo itolewe. Simlaumu, na ninyi msimlaumu. Ukiwa peke yako usiku, mgonjwa ana presha 70, jokofu halina damu na mji wa karibu wenye kathilabu uko mamia ya kilomita, kufungua tumbo na kubana ateri ya figo ndiko kunakobaki, na mara nyingi katika hali hiyo figo hutoka. Mtu anaishi na figo moja iliyo nzima. Kosa lingekuwa kulifanya hilo kwa mgonjwa anayeongea, mwenye presha nzuri, wakati damu imekata na rufaa inawezekana. Na ikiwa figo ya kulia ya kaka yako ina hitilafu yoyote, ama haipo, au ina mawe, au imesinyaa, jambo hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwenye fomu ya rufaa. Waulizeni leo: ya kulia ikoje?

Na yule aliyesema tusubiri? Kwa kutoka damu mara moja, kidogo, mtu ametulia na wingi wa damu haujashuka, kusubiri ni uamuzi mzuri. Wengi hupona kwa kulala kitandani na kunywa maji. Kwa kutoka mara mbili kukiambatana na kuongezewa damu, mimi sisubiri ya tatu.

Kuhusu safari: asipande basi. Kahama hadi Dar ni mwendo wa siku nzima kwa gari, na akivuja njiani hakuna wa kumsaidia. Asafiri kwa gari la wagonjwa lenye muuguzi, au apelekwe kwanza Bugando pale Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda, akaongezewe damu na kuangaliwa na bingwa wa mfumo wa mkojo, kisha wao waamue kama anahitaji ndege. Kabla ya kuondoka damu iwe imepandishwa, kibofu kimesafishwa, mpira unatiririka, na daktari ameandika kwamba anafaa kusafiri. Mchukue ile karatasi aliyoruhusiwa nayo Dar. Ninachotaka kuona humo ni upande uliochomwa, matundu yalikuwa mangapi, chumba gani cha figo kiliingiliwa, kama mawe yalibaki, na kama aliachiwa mpira wa ndani wa DJ, ule mrija mwembamba unaotoka figo hadi kibofuni. Kama haijaandikwa, mpigieni daktari aliyemfanyia. Anapaswa kujua yaliyotokea hata kama hamkuwa na nia ya kurudi kwake.

Hilo linanileta kwenye swali lako gumu: walimharibu? Kwa ulivyoeleza, siwezi kusema hivyo. Utafiti mmoja mkubwa wa kimataifa uliokusanya wagonjwa zaidi ya 5,800 wa upasuaji huu kati ya 2007 na 2009 ulikuta asilimia 5.7 waliongezewa damu, na hizo zilikuwa hospitali zilizozoea kazi. Wanaofikia kuzibwa mshipa ni takriban mmoja katika kila mia. Hatari huongezeka kwa jiwe kubwa lililotanda vyumba vyote, matundu zaidi ya moja, upasuaji mrefu, kisukari, presha, na mkojo wenye maambukizi. Daktari makini anaipunguza lakini haifuti. Ninachoweza kukilalamikia ni kingine: kama mlivyoandika, inaelekea hakuna aliyewaambia kwamba damu inaweza kurudi hadi wiki ya tatu, na amekuwa akimeza dawa ya maumivu ambayo sisi tungependa aiepuke. Mgonjwa wa upasuaji huu aondoke na namba ya simu na sentensi mbili kuhusu dalili za kurudi nazo. Hilo halihitaji mashine.

Kama ameachiwa mpira wa DJ, ujue nao unakwaruza kibofu na kuleta wekundu kidogo, hasa baada ya kutembea au safari. Wekundu huo hauna mabonge, haumpigishi moyo mbio, na hupungua akipumzika na kunywa maji. Si huu aliokuwa nao yeye. Ila mpira huo lazima utolewe kwa tarehe iliyopangwa; katika purukushani hizi husahaulika, na mpira uliosahaulika hujijengea mawe yake wenyewe.

Akishazibwa na kutulia, apumzike bila kubeba kitu kizito wala kukaza kwa kufunga choo kwa takriban mwezi mmoja. Kreatinini na presha vipimwe kila anaporudi kliniki, maana kipande cha figo kilichokosa damu huweza kupandisha presha. Mizizi na unga wa kuyeyusha mawe ambavyo jirani ataleta, na atavileta, visiguswe kipindi hiki. Usukani wa lori asiushike mpaka wingi wa damu umerudi walau juu ya 10 na daktari amemruhusu. Siyo kwa sababu ya mtikisiko tu, mtu mwenye upungufu wa damu husinzia. Na akirudi barabarani, aache ile tabia ya madereva ya kutokunywa maji ili wasisimame njiani. Lengo ni akojoe lita mbili na nusu kwa siku, na kwa njia ya joto kama ya Kahama kwenda Rusumo, mpakani na Rwanda, atahitaji kunywa zaidi ya lita tatu. Hili linahusu mawe yajayo, si damu ya leo. Ya leo ni ile simu.